Mwenyekiti Amezima Simu

Leo nimejivua nguo mbele ya mji mzima. Si nguo za kweli, nimevaa sawasawa, lakini afadhali zingekuwa nguo.

Wanaonijua wanajua mimi ni Wanjiku wa duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Ndalu. Wanajua pia nina ugonjwa wa kutaka kujua. Mteja akinunua dawa ya kupe, nitamuuliza ng'ombe wake anaitwa nani. (Jina halinisaidii kitu. Nataka tu kujua.) Mama yangu kule Kitale alisema zamani kwamba siku moja nitafungua mzinga nione nyuki wanafanya nini mchana. Alikaribia kabisa, ila haukuwa mzinga. Ulikuwa mtambo wa redio.

Sasa, kwa wasio na habari: tunaanzisha redio ya jamii. Ya kujitolea. Hakuna anayelipwa, hata chai tunajipikia. Jina lenyewe bado kamati inalibishania. Stesheni iko ndani ya boma la mwenyekiti wetu, Mzee Joel Wekesa, katika chumba kilichokuwa ghala lake la mahindi. Kuta tumezibandika trei za mayai ili sauti isirudi rudi, na bado ukivuta pumzi unasikia harufu ya magunia. Mzee alitoa ghala hilo mwaka wa mavuno mazuri, akayarundika mahindi yake sebuleni, na mkewe hakumsemesha kwa muda mrefu.

Kilichobaki kilikuwa leseni. Tumeisubiri hiyo leseni mpaka watu wakaanza kutuuliza sokoni kama redio yetu ni ya kuonwa kwa macho tu. Na leo ndiyo ilikuwa siku. Mkaguzi anatoka Nairobi, anaupima mtambo, anaangalia kama kweli jamii iko nasi, halafu anaamua. Akikataa, tunarudi nyuma kabisa kwenye foleni.

Kwa hiyo Mzee aliondoka asubuhi kwenda Kitale kumpokea mgeni. Alivaa suti aliyoshonewa harusi ya mwanawe. Kabla ya kupanda gari akatoa simu yake mfukoni, akaizima mbele yetu sote. "Mgeni wa serikali ukiwa naye, simu inalialia ya nini?" alisema. Tukaona huyu ndiye kiongozi.

Nilibaki na Barasa. Barasa ni fundi wa televisheni hapa sokoni, na ndiye aliyeufunga mtambo wetu kwa mkono wake. Tulikuwa tumeruhusiwa kurusha majaribio tu, ili mkaguzi akifika akute mawimbi hewani. Barasa akanielekeza kama mtoto wa chekechea.

"Madam, unasoma hii sentensi. Unaweka muziki haina maneno. Unasoma tena. Usiongeze kitu. Na hii hapa," akaonyesha kidude fulani cha kuzungusha kwenye mtambo, chenye alama ya chaki pembeni, "hii usiguse."

"Inafanya nini?"

"Usiguse tu."

Jamani, hivyo ndivyo mtu huelezwa? Ningeambiwa inafanya nini ningetulia. Barasa akachukua bodaboda akaenda kwa petrol station kuazima mtungi wa kuzima moto, maana mkaguzi lazima auone mtungi, na sisi wetu bado tunauchangia.

Nikabaki peke yangu. Nikasoma: "Haya ni matangazo ya majaribio ya redio ya jamii, Ndalu." Nikatafuta muziki usio na maneno. Kwenye kompyuta ulikuwepo mmoja tu, kinanda cha kanisa, kile cha polepole. Nikaweka. Nikasoma tena. Kinanda. Nikasoma tena. Kinanda.

Baada ya kuisoma mara nyingi, sentensi hiyo ilianza kunichoma. Je, kuna anayenisikia? Nikachungulia dirishani. Ng'ombe wa Mzee alikuwa anacheua, hana habari. Unaongea na dunia nzima na dunia haikujibu hata kwa kukohoa. Mimi siwezi kuishi hivyo.

Nikagusa kidude.

Kidogo tu, nione kama mshale wa kipimo utasogea. Ulisogea. Sasa mshale ukisogea, mtu mwenye akili anataka kujua unaishia wapi. Niliufikisha mwisho. Hakukutokea cheche wala moshi, nikasikitika kidogo. Ningeurudisha kwenye chaki, lakini papo hapo nikapata wazo lingine, na mimi mawazo yangu hayapangi foleni.

Wazo lilikuwa hili: badala ya kusoma majaribio kama kasuku, kwa nini nisimshukuru Mzee hewani? Mtu ametoa ghala, amekosana na mkewe, amevaa suti. Mgeni akikuta tunamshukuru mwenyekiti wetu ataona jamii iko pamoja.

Na nilijua namna ya kumtaja. Nilipohamia hapa niliwahi kumtambulisha mzee mmoja kwenye mkutano wa shule kwa jina moja tu, nikavutwa kando nikaambiwa nimemtaja kama mtu aliyeokotwa barabarani. Huku mzee hutajwa na baba yake, na mke, na watoto, na mahali kila mtoto alipo. Basi. Adabu ninayo.

Nikaweka kinanda kwanza, kutengeneza hewa. Ilikuwa saa saba mchana imepita kidogo, taarifa za habari zimekwisha kwenye stesheni kubwa. Nikashusha kinanda chini ya sauti yangu, nikasema polepole, kwa heshima zote:

"Mzee Joel Wekesa wa Ndalu. Mwana wa marehemu Mzee Simiyu. Mume wa Mama Rispa. Baba yake Mwalimu Patrick wa Malakisi, Nafula wa Nairobi, na Daniel wa Eldoret. Kaka yake Senge Nekesa wa Moi's Bridge..."

Stima ikapotea.

Sikujua mara moja. Chumba hicho hakina taa mchana, kompyuta ina betri yake ikaendelea na kinanda, na mimi nilikuwa nimefumba macho kwa hisia. Nikaendelea kumshukuru Mzee kwa ghala, kwa moyo, kwa uongozi, nikamtakia maisha marefu. Hotuba nzuri sana. Niliisikia mimi na trei za mayai.

Mnaosoma mkiwa huku kwetu, najua mmeshashika vichwa. Wa mbali, nieleweni. Kila mtu hapa amekua akisikia redio saa saba, baada ya habari. Kinanda kinalia. Jina la mzee linatajwa, na baba yake, na mke, na watoto na walipo. Sufuria zinashushwa, watoto wanaambiwa nyamaza. Hakuna anayengoja mwisho wa tangazo ili ajue ni tangazo la nini. Nimelisikia maisha yangu yote, pale Kitale kwa mama, huku Bungoma kwa majirani. Na bado halikunijia kichwani hata kidogo!

Aliyeingia kwanza alikuwa Mama Rispa. Mkewe; Rispa ni jina lake mwenyewe.

Alikuwa ametoka posho mill mbio, unga kwenye nywele, kiatu mguu mmoja. Akasimama mlangoni, akashika mwimo.

"Wanjiku," akasema taratibu. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Nini, Mama?"

"Mzee. Alikufa saa ngapi?"

Hapo sikuona cha kuchekesha, na hata sasa nikiandika sioni. Uso wa yule mama sitausahau. Nilimshika mikono yote miwili.

"Mama, Mzee hajafa. Mzee yuko Kitale."

Na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kwa sababu huku kwetu mke haambiwi ghafla. Mume akifa, wazee wanakuja wanamwambia ati anaumwa kidogo. Yuko hospitali. Yuko Kitale. Wanamkalisha, wanampa maji, wanakana mpaka watu wa kutosha wamefika wa kumshikilia. Kila nilichosema mimi ndicho husemwa mtu akiwa tayari ameenda.

"Yuko Kitale," akarudia Mama Rispa, akakaa chini polepole.

Jirani yake, Mama Sikuku, alikuwa ameshafika nyuma yake. Akaniwekea mkono begani. "Umefanya vizuri, Madam. Tumeelewa. Usiseme mengi."

"Lakini ni kweli! Anakunywa chai na mgeni!"

"Ndiyo, mama. Anakunywa chai." Akageuka akawatazama wenzake, wakatikisa vichwa.

"Basi mpigieni simu," nikasema.

Wakampigia. Yule dada wa kwenye simu akawajibu kwa sauti yake tamu kwamba mteja hapatikani. Kilio kikapasuka pale pale.

Nikaapa kwa jina la mama yangu. Mama Rispa akanigusa shavu akasema, "Asante kwa kunihurumia, mtoto wangu." Kusikia hivyo, na mimi nikaanza kulia. Mama Sikuku akawaambia watu wa nje, "Mnaona? Hata huyu ameshindwa kuficha."

Boma likajaa. Viti vya plastiki vya kanisa vikaja juu ya mkokoteni. Turubai likaja. Kuni zikaja. Sufuria ile ya kupikia mkutano mzima ikaja ikibebwa na wanaume wawili, na wengine wakaanza kubishana hema lisimame upande gani, wa choo au wa mbuzi. Pasta akafika na pikapu yake yenye spika juu, ile ya kuhubiria sokoni. Nilizunguka nikimwambia mmoja mmoja kwamba hakuna aliyekufa. Kila mmoja alinishika mkono akaniambia nijikaze.

Barasa naye akarudi na mtungi wa kuzima moto mapajani. Akashuka kwa boda, akaona watu, akavua kofia. Machozi yakamtoka.

"Barasa, hata wewe?"

"Si tumesikia kwa redio, Madam? Petrol station yote tumesikia. Watu wameacha kuweka mafuta."

"Redio gani?"

Akanitazama, akautazama mlango wa ghala.

"Redio ni wewe," akasema.

Kabla hajanimaliza, boda nyingine iliingia kwa kasi ikiwa imembeba Senge Nekesa, dada yake Mzee. Senge ndivyo watu wa huku wanavyomwita shangazi, na huyu ni senge wa ukoo mzima. Alishuka na begi la wiki nzima, akaanza kuimba sifa za kaka yake toka getini, na boma zima likamwitikia.

Na nyuma ya Senge, likaingia gari jeupe.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka Mzee Wekesa. Aliangalia viti. Aliangalia turubai. Aliangalia sufuria. Na uso wake ukajaa furaha, kwa sababu alidhani tumemwandalia mgeni mapokezi. Akapunga mkono.

Mwanamume mmoja aliyekuwa amebeba benchi aliliweka chini, akalikalia. Pasta akaanza kuomba, akaacha. Mama Rispa akainuka, akatembea kwa mguu wake mmoja wenye kiatu mpaka mbele ya mumewe, akaushika mkono wa ile suti, akaufinya. Alipohakikisha kuna mtu ndani, akavua leso begani akamchapa nayo.

"Simu umezima ya nini?"

"Mama Patrick, kuna mgeni," Mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Simu umezima ya nini!"

Mgeni mwenyewe alikuwa anashuka upande wa pili. Mama mpole, miwani, viatu vya chini, kifaa fulani cha kupimia mkononi. Akasimama katikati ya umati. "Kuna msiba hapa?" akauliza.

Watu wote walinitazama mimi. Na hapa, rafiki zangu, ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini nilikumbuka kwamba mkaguzi alikuja kuona kama jamii iko nasi. Na jamii si hii hapa, imejaa mpaka kwenye zizi? Nikaona Mungu amefungua mlango. Nikapangusa machozi.

"Hapana, Madam," nikasema. "Hawa ni wasikilizaji wetu."

"Wote?"

"Wote. Walisikia tangazo wakaja. Madam, unaweza kuwauliza." Na bila kungoja aulize, nikawageukia watu. Kusema kweli na mimi nilikuwa nakufa kutaka kujua. Asubuhi nzima nilikuwa nimejiuliza ni nani ananisikia. "Kila mtu amwambie mgeni alisikia akiwa wapi."

"Posho mill," akasema Mama Rispa, bado ameshika mkono wa suti.

"Sokoni, kwa nyanya."

"Petrol station," akasema boda wa Barasa.

"Mimi nirikuwa shambani kwa mashemeji, Tongaren," akasema mzee wa benchi. Watu wakapiga makofi. Mkaguzi akawa anaandika, kila jina la mahali anaandika. Nilijawa na fahari. Nikaona Barasa nyuma ya mkaguzi anapitisha kidole shingoni, mara mbili, mara tatu. Nikadhani ananiambia nipaze sauti.

"Kuna wa mbali zaidi?" nikapaza.

"Mimi hapa!" Senge Nekesa akajipenyeza mbele. "Nirikuwa Moi's Bridge, naanika mahindi, ledio iko kwa dirisha. Mwanangu, wazi kabisa. Kama uko jikoni kwangu." (Senge ni wa Bungoma, kwake l na r ni ndugu, hugawana kazi.)

"Moi's Bridge, Madam!" nikasema, kana kwamba mgeni hana masikio. Nikaanzisha makofi mwenyewe. Yakaitikiwa vizuri sana.

Mkaguzi akangoja makofi yaishe. "Leseni mliyoomba ni ya eneo gani?" akaniuliza.

"Ndalu na vijiji vyake, Madam."

"Moi's Bridge ni kijiji cha Ndalu?"

Makofi ya mwisho yalikuwa yangu, na niliyasikia yakifa mikononi mwangu.

"Mawimbi yakivuka eneo lenu yanaingilia stesheni za wengine," akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unachoma. "Ndiyo sababu ya kupima. Na hata mimi nilisikia hilo tangazo, mwisho wake tu, majina ya watoto, nikiwa kwa gari pale Kitale, nikimngoja Mzee amalize chai. Nilidhani ni stesheni ya Eldoret. Nikasema pole kwa hiyo familia."

Tukaingia ghalani. Stima ilikuwa imerudi na mshale ulikuwa umeegemea ukuta wa mwisho kama mlevi. Chaki ilikuwa huku, kidude kiko kule. Barasa alinyoosha kidole kwenye chaki. "Nguvu yake mimi niliacha hapa," akasema. Kamati nzima iligeuka. Mzee aligeuka. Mama Sikuku, aliyekuwa amechungulia mlangoni, alisema "Haiya" kwa sauti ndogo sana.

"Nilitaka tu kujua unaishia wapi," nikasema.

Mkaguzi akauzima mtambo kwa kidole chake mwenyewe. Nilikuwa nimewaona watu hawa wakipaka rangi hiki chumba Jumapili baada ya ibada, wakiazimana vifaa, wakibishana jina, na sasa wote walikuwa wanaangalia kile kitaa chekundu cha mtambo kikififia. Ningepewa nafasi ningejibandika ukutani na mimi niwe trei.

"Siwanyimi," akasema mkaguzi. "Kwa upande wa jamii sina swali. Nimekagua stesheni nyingi, sijaona wasikilizaji wakija na viti vyao. Lakini huu mtambo hauwashwi tena mpaka fundi aufunge mahali pake, na mimi nirudi nipime upya."

"Lini, Madam?" Mzee akauliza.

"Zamu yenu ikifika."

Akaondoka. Lakini alikula kwanza, maana chakula cha msiba kilikuwa tayari kimeiva na huku hakimwagwi. Mzee mwenyewe alikula msiba wake, sahani mbili, huku mkewe amemkalia karibu. Alipomaliza akapangusa mdomo, akaniita.

"Wanjiku. Umenitangaza."

"Nisamehe, Mzee."

"Mwalimu Patrick amepanda gari kutoka Malakisi. Nafula analia Nairobi. Eldoret wameanza kuchanga. Sasa utanitangazua."

"Kwa kitu gani, Mzee? Mtambo si umezimwa?"

Akaelekeza kidevu kwenye pikapu ya pasta.

Kwa hiyo nawaandikia haya nikiwa nyuma ya hiyo pikapu, spika juu ya kichwa changu, kipaza sauti magotini. Mzee amesimama kando yangu, ameshika vyuma, ana suti, anapunga mkono ili watu waone mwenyewe. Ndalu tumemaliza. Tongaren tumemaliza. Wengine wanashangilia, lakini wengi wanavua kofia kwanza, kwa sababu mzee aliyevaa suti juu ya pikapu yenye spika bado anawachanganya, na kila anayevua kofia Mzee ananitazama mimi.

Sasa ndiyo tunaingia Moi's Bridge. Ukituona, tafadhali mpe Mzee soda baridi, usimpe pole, na mimi usinicheke mpaka pikapu ipite.